Profesa wa Mara Tatu

Mgeni akifika Garissa, kabla hajamaliza kikombe cha kwanza cha chai ataulizwa ni wa nani, na baba wa babu yake alichunga wapi. Profesa alikaa nasi miaka mingi na swali hilo hakulijibu hata siku moja, kwa hiyo mimi nami sitajisumbua nalo. Alitoka bara, yatosha. Akiulizwa ukoo wake aliuliza wako, akatoa daftari akauandika, na mtu akaondoka pale akijiona ameibiwa kitu asichoweza kukitaja.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza himaya. Si wafalme na vita, hayo aliyaita mambo ya kalenda. Alitaka kujua jinsi watu wachache waliotoka mbali walivyoweza kuwatawala watu wengi wasiowaelewa, wakiwa na bunduki chache na karatasi nyingi, katika joto hili letu. Huko chuo kikuu kazi hiyo inaitwa sosholojia ya historia. Mume wangu, aliyekuwa dereva wake, aliiita kazi ya kuwauliza wazee mambo waliyokwisha kuyasahau hadi wayakumbuke vibaya.

Niseme mapema nisije nikalaumiwa kwamba nimewazungusha, maana kuzungushwa mimi mwenyewe nimezungushwa vya kutosha. Kuna mtu mmoja wa enzi ya mkoloni ambaye Profesa alitafuta jina lake kwa miaka kumi na minne. Jina hilo nilikuwa nalo. Nilikaa naye gari moja, meza moja, mkeka mmoja, nalo liko kinywani mwangu. Ndiyo maana siwezi kumweleza yeye bila kujieleza mimi, na hilo nalo linaniudhi.

Profesa aliuliza kila kitu mara tatu. Sitii chumvi, ilikuwa kanuni yake. Ukimhoji mzee leo, unarudi baada ya siku kadhaa na maswali yale yale kwa mpangilio ule ule, kisha unarudi tena. Mara ya kwanza, alisema, mtu anakupa anachompa kila mgeni. Mara ya pili anakupa alichokuwa amekisahau. Mara ya tatu ameshachoka na wewe, na mtu aliyechoka hana nguvu ya kuficha. Nilimwambia kwamba mtu aliyechoka hana nguvu ya kukumbuka pia. Akaliandika hilo, akaniambia nilirudie kesho.

Hebu fikiria umemfuata mfugaji mmoja Lafey, safari ya siku mbili katika barabara ile. Amekuchinjia mbuzi, amekueleza habari za babu yake aliyehamahama kati ya himaya tatu, ya Mwingereza, ya Mtaliano na ya Mhabeshi, bila kumwomba ruhusa yeyote kati yao. Umemshukuru, umeondoka. Wiki inayofuata umerudi kumuuliza babu yake aliitwa nani. Mzee yule alimgeukia Profesa. Kwa kuwa alitaka kumjibu mwenyewe bila kupitia kwangu, akatumia Kiswahili chake chote.

"Brofesa, wiki ile mimi nasema yeye naitwa nani?"

Profesa akalitaja jina.

"Haye. Yeye nakufa zamani sana. Maiti nabadilisha jina?"

Profesa alicheka mpaka akafuta machozi, akaandika maneno yale, kisha akauliza swali la pili, lile lile la wiki iliyopita. Mimi ndiye niliyelazimika kulitafsiri, na nilifanya hivyo nikiwa nimeinamisha uso. Njiani kurudi mume wangu alihangaika na mashimo ya barabara mpaka tulipofika Wajir. Hapo akasema, "Siku tukifa, Brofesa atakuja kaburini mara tatu, hakikisha kama bado tuko ndani."

Jina langu hakuwahi kulitumia. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nangoja kupangiwa shule, niliposikia kuna msomi anayetafuta mtu wa Kisomali na Kiswahili. Mume wangu alikuwa na leseni ila hakuwa na gari. Profesa alikuwa na gari ila kwenye mchanga alikuwa akilizamisha kila alipolishika. Tukaajiriwa wawili siku moja, na wambea wa mji wakakosa pa kuanzia. Mimi nikawa Mkalimani, mume wangu akawa Dereva. Watoto wetu walipozaliwa wakawa Mtoto wa Kwanza, Mtoto wa Pili na Mtoto wa Tatu, na nilipolalamika alisema majina huwafanya watu waone haya, lakini kazi haioni haya. Basi na yeye atabaki Profesa.

Kujifunza Kisomali alikataa katakata. "Nikikijua vibaya nitajiamini," aliniambia. "Afadhali nisikijue kabisa, nikushuku wewe." Nilinuna wiki nzima kwa neno hilo. Baadaye nikagundua kwamba hakuwa akinishuku hata kidogo, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake kubwa, tena kosa la ajabu kwa mtu wa kazi yake.

Maana maarifa yake yote yalisimama juu ya wakalimani. DC wa mkoloni, mkuu wa wilaya, alisema, alikuja, akaungua na jua miaka miwili, akahamishwa, akaja mwingine aliyeanza upya. Aliyebaki ni mkalimani. Yeye ndiye aliyejua chapa ya kila ngamia na ugomvi wa kila kisima, na DC alijua kile tu alichotafsiriwa. "Dola haikai ofisini," Profesa alipenda kusema. "Inakaa mdomoni mwa mtu aliyesimama katikati." Alisafiri nchi kadhaa kuyasema hayo mbele ya wasomi wenzake, na walimpigia makofi. Kisha alirudi Garissa, akaketi juu ya mkeka, akanigeukia mimi niliyekuwa katikati na kuniuliza kwa imani kamili, "Amesema nini?"

Onyo lake lilikuwa neno moja. Mzee akizungumza dakika kumi nami nikamalizia kwa sentensi mbili, Profesa aliinua kalamu. "Usinifupishie, Mkalimani. Njia ya mwongo ni fupi." Nilikuwa naikunja midomo. Mzee mwenyewe alikuwa amemwombea dua marehemu mmoja baada ya mwingine kwa dakika nane nzima, lakini ilinibidi nizirudishe dua zote, na Profesa akaitikia amina kila pahali panapostahili, ingawa dini yetu haikuwa yake.

Kutembea naye kulikuwa mtihani. Kuna siku tulisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi kabla ya daraja la Tana, na askari kijana akaomba vitambulisho kwa adabu. Sisi wa huku tumezoea, vitambulisho huwa mkononi kabla gari halijasimama. Profesa alitoa chake, kisha akashuka. Akamweleza askari yule tangu mwanzo jinsi wilaya hizi zilivyofungwa na mkoloni, jinsi mtu alivyohitaji pasi ili atoke na pasi ili aingie, na jinsi askari wa wakati ule alivyosimama karibu na pale pale aliposimama yeye. Nyuma yetu magari yalijipanga. Mama mmoja mwenye mbuzi wanne kwenye buti alishuka kuwanywesha maji. Askari akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa mzee, nimeelewa. Sasa naomba kitambulisho," kwa sababu Profesa alikuwa ameshakirudisha mfukoni wakati wa kuonyesha kwa mikono. Nusu saa ilipita. Yule mama wa mbuzi alinijia dirishani akaniuliza kama mzee huyo ni mgonjwa wetu.

Na mtu huyu aliyezichukia pasi na vibali, nyumbani kwake huwezi kuazima kitabu bila kibali. Alikuwa na fomu alizozipiga chapa mwenyewe. Unaandika jina la kitabu, sababu ya kukiazima na siku ya kukirudisha, naye anagonga muhuri wa mpira ulioandikwa IMEKUBALIWA. Ulikuwepo na mwingine wa IMEKATALIWA. Mpishi wake aliomba ruhusa ya kwenda arusini kwa maandishi. Siku moja nilichoka nikamwambia, "Profesa, DC ni wewe." Siku mbili baadaye nilipewa barua yenye nambari ya kumbukumbu juu, kwamba malalamiko yangu yamepokelewa, yamechunguzwa na yameonekana kuwa ya kweli. Chini alikuwa amegonga IMEKUBALIWA. Fomu ziliendelea.

Muhula mmoja alifundisha vijana wa chuo hapa mjini. Mtihani ulikuwa na swali moja: "Nani aliye katikati?" Vijana waliandamana mpaka kwa mkuu wa idara, na mmoja wao, mtoto wa jirani yetu, alikuja kwangu amefura. "Aunty, buda ako na story mob lakini notes hakuna," aliniambia, yaani mzee ana hadithi tele ila hatoi maandishi. "Anatuuliza kitu moja leo, kesho, keshokutwa. Ni lecture ama ni polisi?" Nilimhurumia. Lakini kijana huyo sasa ni karani wa baraza moja la kusuluhisha ugomvi wa malisho, na nimemwona kwa macho yangu akimwuliza mzee swali lile lile mara tatu, akiwa ametulia kabisa.

Sitasema alikuwa mtu wa kuudhi tu, ingawa ingenirahisishia kazi. Mtoto wa Pili alipougua homa isiyokwisha, Profesa alikuja hospitalini na koti lake la sufi alilolivaa hata jua likiwa la kukaanga mayai. Akakaa kwenye benchi siku tatu. Kila daktari alipopita alimuuliza, "Mtoto huyu anakula nini, anakunywa nini, analala wapi?" Daktari akajibu siku ya kwanza, akajibu siku ya pili. Siku ya tatu, akiwa amechoka kabisa na mzee yule, akasimama katikati ya jibu lake na kunigeukia. "Maziwa ya ngamia mnayachemsha?" Hatukuwa tukiyachemsha. Ilikuwa homa ya maziwa mabichi, ikapata dawa yake. Nilitaka kumshukuru Profesa, naye akaniambia nishukuru kanuni. Unaona alivyo? Hata shukrani hakuipokea moja kwa moja.

Sasa nije kwenye kisima.

Baba mkwe wangu, niliyemwita Adeer kama tunavyowaita wakubwa wa upande wa baba, alikuwa mcheshi. Alipenda kusema kwamba mwanawe ni dereva kwa sababu babu yake alibaki bila ngamia. Profesa alipoisikia hiyo mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili aliandika. Mara ya tatu Adeer alisimulia yote, na siku hiyo hakuwa akicheka.

Watu wake walikuwa safarini kutafuta maji mwaka wa ukame. Walifika kwenye kisima kimoja kaskazini ya Modogashe, si chao, wakaomba, wakaruhusiwa kunywesha. Walikuwa wageni wa siku moja. Kumbe vijana wa wenyeji walikuwa wamevamia mahali na kuiba mifugo, na serikali ikaja kuadhibu. Mkoloni hakutafuta mwizi, alitwaa ngamia wa jamii nzima. Lakini DC hakujua ngamia yupi ni wa nani, kwa kuwa kwake wote walikuwa ngamia. Alimgeukia mkalimani wake. Mkalimani akanyoosha fimbo, akaonyesha ngamia wa wageni. Wakachukuliwa wote, na ndama wao. Wale wageni walitembea kwa miguu mpaka Garissa, wakawa watu wa mji, na wengine hawakufika.

"Mkalimani huyo alikuwa nani?" Profesa aliuliza.

"Hatukumjua," Adeer alijibu. "Sisi tulikuwa wageni."

Profesa alishikwa na swali hilo kama mtu aliyeshikwa na mwiba wa mgunga. Hapo ndipo nadharia yake yote ilipokuwa na mwili, fimbo na kidole. Alikwenda kwenye nyaraka za taifa Nairobi, akakuta faili la mwaka huo lina hesabu ya ngamia, jina la DC, hata majina ya farasi wawili. Mkalimani ameandikwa "mkalimani". Akarudi amekasirika kana kwamba ametukanwa yeye. Nilitaka kumwambia kwamba hata yeye ananiandika hivyo hivyo, nikaacha.

Mtu wa mwisho aliyekuwa hai na aliyekuwepo kisimani siku hiyo, akiwa msichana mdogo, alikuwa Ayeeyo, mama wa baba yangu. Aliishi Modogashe, nyumba ya pili kutoka mahali malori yanapoegesha. Mimi ndiye niliyempeleka Profesa kwake. Nilikwenda kwa kujivunia, kwa kuwa sikujua.

Mara ya kwanza alitueleza habari za ukame na bei ya chumvi. Mara ya pili alieleza kisima, askari wenye vilemba vyekundu, kilio cha ndama. Mara ya tatu mume wangu alikuwa nje akinywa chai na madereva wenzake. Ayeeyo alijibu maswali yote yale yale, na alipofika kwenye fimbo hakunitazama mimi. Alimtazama Profesa usoni, mtu asiyejua neno moja la Kisomali, akamwambia polepole, "Aliyeonyesha ni baba yangu. Vijana walioiba walikuwa wa kwetu. Aliwaonyesha wageni ili sisi tubaki na ngamia, nasi tulibaki nao. Maziwa niliyokua nayo ni yale."

Kanuni ya Profesa ilikuwa imefanya kazi mbele yangu kama saa. Alinigeukia.

"Amesema nini?"

"Anasema alikuwa mtoto," nilisema. "Hakumwona aliyeonyesha."

Akaliandika, akalipigia mstari chini. Kinasa sauti kilikuwa kinazunguka mkekani, lakini kilinasa Kisomali tu, na mwenye Kisomali nilikuwa mimi. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Nilikuwa na miaka miwili ya ndoa. Watu wanaweza kusema mambo ya zamani ni ya zamani, lakini hao si watu wa huku. Huku ngamia aliyechukuliwa kwa babu yako bado anatembea. Niliwaza jinsi nitakavyompakulia Adeer chakula. Niliwaza mume wangu akiendesha gari, amenyamaza, kutoka Modogashe mpaka mwisho wa umri wetu.

Ayeeyo alifariki. Adeer naye akafariki, bado akitania kuhusu babu aliyebaki bila ngamia. Profesa akaandika makala, akaalikwa huku na huko, lakini kitabu chake kikubwa kilikwama kwenye sura ya saba, ambako aliacha ukurasa mmoja mweupe kwa ajili ya yule mtu. Kila mwaka alinituma nimtafutie mzee mwingine wa kumuuliza. Kila mwaka nilikwenda, nikakunja uso, nikatafsiri neno kwa neno, dua kwa dua. Nilikuwa mkalimani mwaminifu kuliko wote, isipokuwa katika sentensi moja. Na nilimkasirikia. Nilimkasirikia kwa kuendelea kutafuta, kwa kutojua Kisomali, kwa kuniamini.

Mwisho sukari ikamla macho. Nilikuwa nafundisha sekondari, mume wangu amenunua gari lake mwenyewe la kubeba abiria wa kwenda vijijini, na Profesa amestaafu safari, anakaa barazani kwake na koti lake. Siku moja nilimpelekea ndizi, akaniambia kwa furaha kwamba amempata kijana wa Wajir, mwanafunzi wa chuo, atakayesikiliza kanda zote za zamani na kuandika Kisomali chake na tafsiri yake, neno kwa neno.

"Utapumzika, Mkalimani," alisema.

Alhamisi iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, nilimwambia mume wangu anipeleke kwa Profesa. Alibaki garini akisikiliza redio. Mimi nikaingia nikamweleza Profesa yote: jina, fimbo, maziwa. Nilisema dhamiri imenisuta. Nilisema Ayeeyo aliniomba nifiche. Nikangoja anifukuze, au anigongee ule muhuri wa IMEKATALIWA kwenye paji la uso.

Vidole vyake vilipapasa meza.

"Njoo Alhamisi," alisema. "Utaniambia tena."

Wallahi nilitaka kumpiga kwa kiatu. Miaka kumi na minne analitafuta jina, amelipata, na ananiambia nije Alhamisi. Nilirudi nyumbani nikavunja kikombe nikiosha vyombo. Lakini nilikwenda. Mara ya pili, nikiwa nimekereka na sauti yangu mwenyewe, nikajikuta nasema kwamba haikuwa dhamiri, ilikuwa kijana wa Wajir na zile kanda. Nikasema kwamba Ayeeyo hakuniomba nifiche. Nilificha mwenyewe, kwa kumwogopa mtu aliyekuwa nje anakunywa chai.

"Ehe," alisema Profesa. "Sasa mara ya tatu si yangu. Mimi nilitafuta jina tu. Alhamisi ijayo uje na aliyepoteza ngamia."

Sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia siku ile. Nilimwambia hana mke, hana mkwe, hana kisima, anajua nini? Nilimwambia yeye amekaa kwetu miaka yote hii akikusanya vidonda vya watu kama mtoto anayekusanya chupa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama ningependa hayo yaandikwe kama malalamiko.

Wiki nzima sikulala vizuri. Alhamisi mume wangu aliegesha, akafungua redio kama kawaida, nami nikasimama karibu na dirisha lake nikamwambia Profesa anamwita. Aliingia akifuta mikono, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akiudhika kidogo, maana alikuwa na abiria wanaomngoja sokoni.

"Brofesa, leo wewe nauliza mimi pia?"

"Leo siulizi," Profesa alisema. "Na hii si ya kitabu." Akapapasa kinasa sauti kilichokuwa mezani, akabonyeza, akakisukuma pembeni kuonyesha amekizima. Alikosea kitufe, hakukizima. Macho hayakumwonyesha taa yake ndogo nyekundu, lakini mimi niliiona inawaka. Ningeweza kunyoosha mkono. Nilikiacha.

Nikasimulia kwa Kisomali, nikimtazama mume wangu. Kisima, wageni, fimbo, nani aliyeishika na mimi ni nani kwake. Na nilipofika mwisho, mahali ambapo mara mbili nilikuwa nimenyamaza, nikajisikia ninaendelea.

Siku ile Modogashe, tulipokuwa tunaondoka, Ayeeyo alinishika mkono mlangoni. Aliniuliza, "Umemwambia yote?" Nikasema ndiyo, yote. Akasema alhamdulillahi. Akaniombea dua, akatazama nje kule lilikokuwa gari na mume wangu, akarudi ndani akiwa mwepesi. Alikufa akijua amesema.

Sikuwa nimemwambia mtu hilo. Nadhani hata mimi mwenyewe sikuwa nimejiambia.

Mume wangu alikaa ameinamia funguo za gari mkononi mwake. Nje simu yake ilikuwa ikilia garini, abiria wake wa sokoni, ikalia mpaka ikachoka. Profesa, ambaye hakuwa ameelewa neno hata moja, hakuuliza amesema nini. Alikuwa ameshika fimbo yake ya kutembelea kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa, kama anavyokaa mtu msibani.

Mume wangu ndiye mtu aliyezicheka safari zetu za kurudi kwa mzee yule yule, miaka yote ile, kutoka Lafey mpaka Liboi. Aliinua uso. Sikuweza kuusoma. Akaweka funguo mezani, karibu na ile taa ndogo nyekundu.

"Rudia," aliniambia. "Toka mwanzo. Na usinifupishie."

Nikavuta kiti karibu naye, nikaanza tena pale kisimani.